Kuisoma Miche ya Gizani

Kazi huanza kwa kuosha mbegu. Mbegu ya arabidopsisi, mmea mdogo wa jamii moja na kabichi na sukuma wiki, ina urefu wa nusu milimita hivi. Huoshwa kwa spiriti na dawa ya klorini ili kuua vijidudu, husuuzwa kwa maji yasiyo na vimelea, kisha hupandwa juu ya agari iliyoganda kwenye sahani ya petri. Sahani hukaa siku kadhaa kwenye jokofu, kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi, ili mbegu zote ziamke kwa pamoja. Zikitoka humulikwa kwa saa chache zianze kuota, halafu hufungwa kwa karatasi ya alumini na kuwekwa kabatini. Siku chache baadaye fundi huingia chumba cha giza, huwasha taa hafifu ya kijani, rangi ambayo miche huijali kidogo kuliko nyingine, hufungua karatasi na kuanza kutazama.

Mbele yake pana maelfu ya miche myeupe, mirefu, inayofanana. Imetokana na mbegu zilizolowekwa kwenye kemikali inayoharibu jeni hapa na pale bila kuchagua, zikapandwa, zikazaa, na watoto wao ndio hawa walioko sahanini. Karibu yote imeota kama ilivyotarajiwa. Fundi anautafuta ule mmoja uliokosea: mfupi, umesimama wima, umefungua majani yake gizani kana kwamba jua limeshachomoza. Akiuona huunyanyua kwa kibanio chenye ncha nyembamba, huuhamishia kwenye udongo, huutunza mpaka uzae, kisha hupanda mbegu zake ili ajue kama kosa lile linarithiwa. Lisiporithiwa, huanza upya.

Ninauheshimu ufundi huu kuliko mashine nyingi za bei kubwa zilizokuja baada yake. Kwa macho, rula na subira, watu wachache waligundua jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: mche ulioko gizani unafanya kazi muda wote. Unatengeneza protini na kuzibomoa, unazitengeneza tena na kuzibomoa tena, na kwa kubomoa huko ndivyo unavyoisubiri nuru.

Mkulima aliyewahi kufukua kunde siku chache baada ya kupanda ameiona hali hiyo ya kwanza ya mche. Shina ni jeupe na linarefuka upesi. Kichwa kimeinama, ili ncha laini isichubuliwe na udongo. Majani yamefumbana, na rangi ya kijani bado haijaingia. Akiba iliyomo kwenye mbegu ina kikomo, na mche unaitumia kwa kazi moja, kufika juu. Ukishatokeza, mambo hugeuka katika muda wa saa chache: shina hupunguza mwendo, kichwa huinuka, majani hufunguka na kuanza kuwa kijani. Mbegu ni ileile na jeni ni zilezile. Kilichoongezeka ni taarifa moja tu, kwamba nuru imefika. Wanasayansi walitaka kujua taarifa hiyo inapokewa na nani ndani ya seli, na inapelekwa wapi.

Sehemu ya kwanza ya jibu ilipatikana Beltsville, jimbo la Maryland, kwenye kituo cha utafiti cha Wizara ya Kilimo ya Marekani. Harry Borthwick, mtaalamu wa mimea, na Sterling Hendricks, mkemia, pamoja na wenzao walitumia chombo kikubwa kinachoutandaza mwanga katika rangi zake, wakazichunguza mbegu za saladi za aina ya Grand Rapids chini ya rangi hizo. Mwaka 1952 walitangaza matokeo. Mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi uliziotesha mbegu. Mwanga mwekundu wa mbali, wa nanomita 730 hivi, ambao jicho la binadamu huuona kwa shida, ulizizuia. Wakazimulika kwa zamu, nyekundu kisha ya mbali, nyekundu kisha ya mbali, na kila mara mbegu zilitii mmuliko wa mwisho.

Kutokana na hesabu ya mbegu zilizoota na zilizolala, walikata shauri kwamba ndani yake mna kitu kimoja chenye maumbo mawili, kinachogeuzwa huku na huku na mwanga. Walikuwa hawajakiona. Mwaka 1959 Warren Butler na wenzake, hapohapo Beltsville, walikipima ndani ya miche ya mahindi iliyooteshwa gizani, kikafanya kama kilivyotabiriwa. Kitu hicho ni fitokromu, protini iliyobeba rangi ya kunasa mwanga. Ninaustaajabia mwendo wa fikra zao: waliiuliza mbegu swali lenye majibu mawili tu, kuota au kutoota, wakalirudia mpaka tabia ya kitu kisichoonekana ikajulikana kabla hakijapatikana.

Sehemu ya pili ya jibu ilidai njia nyingine, njia ya kuharibu ili kujifunza. Mwaka 1980, Wageningen nchini Uholanzi, Maarten Koornneef na wenzake walieleza kundi la miche ya arabidopsisi iliyoendelea kurefuka hata ilipowekwa kwenye mwanga, kana kwamba haijauona. Waliipa vifupisho kuanzia hy1 hadi hy5. Mche ulioharibikiwa na jeni ya kupokea habari za nuru, au ya kuzipeleka, hubaki na tabia za gizani. Miaka ilivyopita kila kifupisho kilifunua siri yake. Jeni ya hy3 ikajulikana kuwa ni ya fitokromu ya aina ya B. Jeni ya hy4, iliyotambuliwa mwaka 1993 na Margaret Ahmad na Anthony Cashmore huko Pennsylvania, ikajulikana kuwa ni ya kriptokromu, protini inayonasa mwanga wa buluu. Jeni ya hy5 ilikuwa ya namna tofauti, na tutairudia.

Mtafiti Joanne Chory aligeuza swali upande wa pili. Badala ya kutafuta miche isiyouona mwanga, alitafuta miche inayojifanya imeuona wakati haupo. Mwaka 1989 yeye na wenzake walitangaza wa kwanza, wakauita det1. Miaka miwili baadaye Xing-Wang Deng, akifanya kazi California na Peter Quail, alitangaza mwingine, cop1. Wote wawili huota gizani wakiwa wafupi, na majani yao hufunguka.

Mabadiliko ya jeni yanayotokana na kemikali mara nyingi huvunja kitu. Ni nadra sana yajenge kipya. Basi, ikiwa kuivunja jeni fulani kunaufanya mche ufunguke gizani, kazi ya jeni hiyo ilipokuwa nzima ilikuwa kuuzuia usifunguke. Maana yake, uwezo wa kufunguka umo ndani ya mche tangu mwanzo, na giza linahitaji mlinzi anayefanya kazi bila kupumzika. Wengi waliliona giza kuwa hali ya kukosa amri. Miche hii miwili ilionyesha kwamba gizani kuna amri, tena kali.

Kulikuwa na ushahidi mwingine uliokuwa umewekwa kwenye kumbukumbu kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Gatersleben nchini Ujerumani, Andreas Müller alikuwa ameeleza mbegu za arabidopsisi zilizogeuka zambarau zikiwa bado ndani ya maganda yake, ambazo miche yake hufa ikiwa michanga. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilibainika kwamba nyingi ya mbegu hizo zimeharibikiwa na jeni zilezile walizozipata Chory na Deng. Mlinzi akikosekana kabisa, mche hujaza rangi za kujikinga na jua hata kabla ya kuota, na hauwezi kuendelea kuishi. Fundi aliyeandika kwa uaminifu alichokiona, ingawa maana yake ilikuwa bado haijajulikana, aliwafaa watu waliokuja miaka thelathini baadaye.

Jeni ya COP1 ilipopatikana, swali likawa protini yake inakaa wapi. Mwaka 1994 Albrecht von Arnim na Deng waliiunganisha na kimeng'enya kinachoacha rangi ya buluu mahali kilipo, wakaitazama ndani ya miche ya arabidopsisi na ndani ya ngozi nyembamba ya kitunguu, ambayo seli zake ni kubwa na angavu. Gizani rangi ilikusanyika kwenye kiini cha seli, mahali zinapokaa jeni. Kwenye mwanga rangi ilipungua kiinini. Mlinzi huingia kazini giza likiwapo, na nuru ikifika huachishwa zamu.

Hapo ndipo hy5 inaporudi. HY5 ni protini inayoshika jeni na kuziwasha, zile hasa zinazoufanya mche uishi kama mmea wa juani. Mche usio na HY5 hurefuka hata kwenye mwanga. Mche usio na COP1 hufunguka hata gizani. Tabia hizo mbili zinapingana moja kwa moja, na wataalamu waliizalisha miche hiyo pamoja ili kuona tabia ipi itashinda. Matokeo yalionyesha kwamba HY5 na COP1 ziko kwenye njia moja. Mwaka 2000 kundi la Deng lilieleza jinsi njia hiyo inavyopita: COP1 huishika HY5 gizani na kusababisha ivunjwe. Nuru ikifika, fitokromu na kriptokromu huidhoofisha COP1, nayo HY5 huachwa, hujikusanya na kuanza kazi.

Tanzania, nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara hupakwa alama ya X ukutani kwa rangi nyekundu. Anayepaka alama hana nyundo. Tingatinga litakuja baadaye na kuifuata alama. Ndani ya seli kazi zimegawanywa vivyo hivyo. COP1 ni mpaka alama. Alama yenyewe ni protini ndogo iitwayo ubikuitini, mnyororo wa asidi amino 76, ambayo huunganishwa kwenye protini iliyohukumiwa, mara nyingi kadhaa mfululizo. Mbomoaji ni protiasomu, mtambo wenye umbo la pipa uliojengwa kwa pete nne, kila pete ikiwa na sehemu saba. Ndimi zinazokata ziko upande wa ndani, na mlango ni mwembamba kiasi kwamba protini iliyokunjika haiwezi kupita. Kofia iliyo juu ya pipa huisoma alama, huikunjua protini, huisukuma ndani, na huzirudisha zile ubikuitini nje zikatumike tena. Kinachotoka upande wa pili ni vipande vifupi, ambavyo vimeng'enya vingine huvimalizia hadi viwe asidi amino huru, tayari kusuka protini mpya.

Waliogundua namna alama hii inavyofanya kazi, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2004. Wao walitumia seli za wanyama, lakini ubikuitini ya mmea na ya binadamu zinatofautiana kwa asidi amino tatu tu kati ya 76. Tofauti kubwa iko kwa wanaochagua nini kipakwe alama. Arabidopsisi ina jeni karibu 700 za familia moja tu ya protini za uchaguzi huo. Binadamu ana takriban 70 za familia hiyo. Kiumbe kisichoweza kukimbia jua, ukame wala kivuli cha jirani hujirekebisha papo hapo kilipo, na kwa mmea sehemu kubwa ya kujirekebisha ni kuamua protini ipi ibaki na ipi iondoke.

Mtu anaweza kuona hasara hapa. Kwa nini mche, wenye akiba ndogo hivyo, utengeneze HY5 kisha uivunje, saa baada ya saa? Kuwasha jeni, kunakili ujumbe wake na kusuka protini kutoka mwanzo huchukua muda, na mche uliotokeza juu ya ardhi hauna muda. Jua la mchana linaweza kuuchoma kabla haujajikinga, na akiba ikiisha kabla majani hayajaanza kujilisha, umekufa. Kwa kuwa HY5 inatengenezwa tayari, kinachohitajika ni kuacha kuivunja. Kubomoa kule kwa gizani ni gharama ya kuwa tayari, na mche huilipa kila saa.

Upande wa pili wa mambo unathibitisha busara hiyo. Kuna kundi la protini ziitwazo PIF, ya kwanza ikiwa imeelezwa na maabara ya Quail mwaka 1998, ambazo kazi yake ni kudumisha tabia za gizani. Hizi hukusanyika giza likiwapo. Nuru nyekundu ikiigusa fitokromu, fitokromu huingia kwenye kiini cha seli, huzishika PIF, na ndani ya dakika chache nyingi kati yake zimeshapakwa alama na kuvunjwa. Basi nuru huokoa kundi moja la protini na kulihukumu jingine, wakati mmoja, kwa mtambo uleule.

Hata mpokeaji wa habari hasalimiki. Fitokromu ya aina ya A, iliyo tele kwenye miche ya gizani, hutoweka upesi ikishapata mwanga. Mwaka 1987, Richard Vierstra na wenzake walionyesha kwamba mwanga mwekundu husababisha fitokromu hiyo iunganishwe na ubikuitini. Ilikuwa miongoni mwa protini za kwanza kabisa za mimea kujulikana kuwa hupakwa alama hiyo. Chombo kikali cha kuhisi nuru hafifu chini ya udongo hakifai tena juani, na mmea hauking'ang'anii. Hukivunja na kuzitumia asidi amino zake mahali pengine.

Ubomoaji mkubwa zaidi hutokea mwishoni mwa maisha ya jani. Protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye majani ya mimea kama mpunga na ngano ni rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa, na peke yake hufikia takriban nusu ya protini zinazoyeyuka za jani. Humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya naitrojeni ya jani. Jani likizeeka, sehemu za rubisko hufungwa kwenye vifuko vidogo, hupelekwa kwenye kifuko kikuu cha seli na kuyeyushwa huko. Yoshinori Ohsumi wa Japani alizitambua jeni za njia hii ya vifuko kwenye hamira, na alipata Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2016. Mwaka 2002 maabara yake na ile ya Vierstra zilikuwa zimeshaonyesha, kila moja kwa kazi yake, kwamba arabidopsisi iliyokosa jeni hizo huzeeka mapema na kuumia upesi ikikosa naitrojeni. Mkulima anapoona mpunga unakauka majani huku mashuke yakijaa, anashuhudia mavuno mawili: yake, na yale ambayo mmea umeshayavuna kutoka kwenye majani yake wenyewe.

Kazi hii ilivuka mipaka ya mimea. COP1 ipo pia kwa binadamu, na mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba huipaka alama p53, protini inayozuia seli zilizoharibika zisigeuke saratani. Kundi jingine la protini lililogunduliwa kwa kuitazama miche iliyokosea gizani, COP9, nalo lilikutwa katika seli za binadamu, ambako husaidia kuwasimamia wapaka alama wengi. Swali kuhusu shina la mche usiofika sentimita mbili lilifungua mlango wa tiba ambao wanaotafuta dawa pekee walikuwa hawajaufikia.

Arabidopsisi yenyewe huota pia porini kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, miongoni mwake Elgon na Kilimanjaro. Lakini somo lake liko karibu zaidi na mashamba yetu. Majani ya kijani hunyonya mwanga mwekundu na kuuachia ule mwekundu wa mbali, kwa hiyo mahindi yaliyopandwa kwa kubanana hupata habari za majirani kupitia fitokromu. Fitokromu hulegea, PIF hazivunjwi, na mimea hurefuka kwa kushindana ikawa myembamba na kuanguka kwa urahisi. Mtama, nafaka ambayo Afrika iliipa dunia, una jeni iitwayo Ma3 inayohusika na wakati wa kuchanua. Mwaka 1997 ilijulikana kuwa ni jeni ya fitokromu B. Anayechagua mbegu za mtama kwa ajili ya nafasi na kwa ajili ya msimu anashughulika na mtambo uleule uliosomwa sahanini.

Kwa sababu hiyo naona ufundi huu unatuhusu. Hatua yake ya kwanza haihitaji maabara ya kifahari. Inahitaji mbegu, agari au pamba iliyoloa, kabati lisilopitisha mwanga, rula na daftari. Kunde, mtama na mbogamboga zetu zina aina nyingi ambazo zinangoja mtu wa kuziotesha gizani, kupima mashina yake na kuandika kwa usahihi ule uliotofautiana na wenzake. Kilicho adimu ni jicho linaloutazama mche wa elfu kwa makini yaleyale lililoutazamia wa kwanza. Jicho hilo hufundishika, na vyuo na sekondari zetu zinaweza kuanza kulifundisha muhula huu.